Tayari ya Kamera

Kitasa bado kimo mkononi mwa Kapteni, msomaji, palepale tulipomwacha. Mlango uko nusu wazi. Nje amesimama Fundi, shemeji yake, mtu ambaye Kapteni angefurahi kupanda hata mwezini ili asionane naye asubuhi hii. Na Fundi ameshasema neno lake:

"Shemeji, naomba unionyeshe ile video. Siyo hiyo dunia nzima inayoitazama. Ile ambayo hujaikata."

"Ile... ipi?" Kapteni aliuliza.

Ipi! Kana kwamba ziko kumi.

"Ya siku ile. Kamati inakaa leo mchana. Wakiniuliza, nataka niseme ninachokijua, siyo ninachokisia. Sasa nikaribie, au tuongelee hapa nje majirani wafaidi?"

Kapteni akasogea kando. Angefanya nini?

Kama wewe ndiyo kwanza unatushika leo, nikupashe upesi upesi. Kapteni ana ndege moja ndogo ya injini moja na viti vichache, anabebea abiria na mizigo. Biashara ilikuwa ya kusuasua mpaka mkewe, Mama Pacha, alipoanza kumrekodi akiruka na kuziweka video mtandaoni. Watu wakapenda. Kapteni ana sauti ya kubembeleza, ana miwani myeusi, na huongea na kamera kama anaongea na mchumba. Haukupita muda, video zikawa ndizo zinazolisha nyumba, ndege ikawa inafuata nyuma.

Fundi ni kaka mkubwa wa Mama Pacha, na ndiye aliyeitunza ndege hiyo tangu siku ya kwanza. Siku ile ya balaa, kifuniko cha oili ya injini hakikukazwa. Wakiwa juu, oili ikaruka ikaziba kioo chote, injini ikakohoa, ikazima. Kapteni akaishusha ndege kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, anachungulia kwa dirisha la pembeni. Ndani alikuwamo abiria mmoja tu, mzee muuza miwani, naye akavunjika mguu.

Video ya kutua ikazunguka dunia. Kapteni akaitwa shujaa. Fundi akasimamishwa kazi, na leo mchana kamati ya usalama wa anga inaamua kama ataruhusiwa kuigusa ndege tena maishani mwake.

Umeshika? Haya, tuingie ndani.

Chumba chenyewe ni kile cha kutengenezea video. Taa ya duara katikati, kompyuta pembeni, na godoro la pacha limeegemezwa ukutani ili sauti isirudi mwangwi. Watoto walishazoea kuliburura jioni wakitaka kulala. Fundi alitafuta pa kukaa, akaona kiti kimejaa nyaya, akabaki amesimama na kofia yake mkononi.

"Usingizi umenihama, shemeji," alisema. "Mkono wangu unakumbuka kukikaza kile kifuniko. Lakini siku ile uliniambia tufungue tena."

"Si tulikuwa tunarudia kila siku?"

"Ndiyo maana nachanganyikiwa. Siku zote zimekuwa siku moja."

Hapo lazima nikueleze, maana kesi yote imelala hapo. Kazi ya kweli Fundi aliifanya mapema, kimyakimya, kabla jua halijapendeza. Jua likishakuwa zuri, Kapteni humwita: "Shemeji, fungua tena, tupige picha!" Basi Fundi hufungua injini aliyokwisha kuifunga, akajifanya anamimina oili, akajifanya anapangusa, ilimradi watazamaji waone kazi. Maigizo yakiisha, hufunga upya kwa dhati, akapiga pua ya ndege kwa kiganja na kusema: "Tayari."

Neno hilo lilikuwa na mwenyewe katika banda lile la ndege. Bila "tayari" ya Fundi, Kapteni hakugusa ufunguo. Ndivyo walivyofanya kazi tangu kamera haijazaliwa.

Kamera ilipokuja, Mama Pacha naye akaanza. Kila akianza kurekodi, "Tayari!" Fundi alilalamika siku za mwanzo. "Mdogo wangu, hilo neno ni la kazi. Tafuta lako. Sema hata 'ndizi'." Wakacheka mpaka machozi, wakaitana ndizi wiki nzima, na hakuna aliyebadilisha kitu.

"Nilisema tayari," Fundi aliendelea. "Hilo nina hakika. Nisichokijua ni kama nilisema kabla ya kurudia, au baada. Nakumbuka dada aliniambia nimeziba picha, nikaenda stoo kurudisha kopo la oili. Narudi, ndege inaondoka. Nikajiambia, basi nimeshasema. Shemeji hawezi kuondoka bila neno langu."

Kapteni akaisogeza ile taa ya duara, bila sababu.

"Wewe ulikuwa ndani, dirisha wazi," Fundi alisema. "Ulinisikia?"

"Nilisikia 'tayari'," Kapteni alijibu.

Mwone! Hapo hajasema uongo hata kidogo. Ndivyo alivyoiambia kamati pia, kwa maneno hayohayo, na kila mtu akaelewa alichotaka waelewe. Mtu mzima, baba wa watoto, anajificha nyuma ya neno moja.

"Basi nionyeshe tu, nijione mwenyewe, moyo utulie."

"Nimeifuta, shemeji. Kompyuta ilikuwa imejaa."

Huo sasa ni uongo, mweupe pe, hauna hata nguo.

Nilitegemea Fundi apandishe sauti. Ningekuwa mimi ningemkunja shati. Lakini Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu, akaamini. Ndilo jambo lililomuumiza Kapteni kuliko ngumi: aliaminiwa papo hapo, bila swali la pili.

"Basi ni mimi," Fundi alisema. "Kama ulisikia, ni mimi. Mkono ulinidanganya." Akaigeuza kofia mkononi. "Kidogo tu ningemfanya dada yangu mjane. Pacha wangekua hawana baba, na mjomba wao ndiye aliyewafanyia hivyo. Nimekuja na hilo pia, shemeji. Nisamehe."

Akanyoosha mikono yote miwili. Mikono ya fundi, yenye weusi wa oili kwenye mikunjo ambao sabuni imeshindwa nao tangu ujana.

Na Kapteni akaipokea. Akaishika kwa mikono yake miwili, akasema, "Nimekusamehe."

Lo! Alimsamehe! Mwizi kamsamehe aliyeibiwa! Nimeandika hadithi nyingi humu, nimekutana na mahasidi na matapeli wa kila rangi, lakini siku hiyo kalamu ilinigomea. Na msidhani Kapteni hakujiona. Alijiona vizuri sana. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto, na bado mdomo wake ulikuwa umeshasema.

"Ahsante," Fundi alisema. "Mchana nitawaambia ni mimi, tusisumbuane. Pikipiki nazo zina injini. Sitalala njaa."

Akavaa kofia. Akaenda mlangoni. Kapteni akafumbua mdomo, na ninaapa kwamba safari hii alitaka kusema kweli.

"Nani kafuta nini?"

Mama Pacha! Amesimama mlangoni na nguo za shule za watoto begani, pasi mkononi, waya unaburuzika. Alikuwa chumba cha pili, na nyumba ile kuta zake ni nyembamba.

"Hakuna kitu, mama," Kapteni alisema haraka. "Kaka yako alikuwa anaaga. Ana haraka."

"Haraka ya kwenda kunyongwa? Nimesikia video imefutwa. Imefutwa na nani wakati mimi ndiye ninayezitunza?"

"Ile ya kwenye kompyuta..."

"Ya kwenye kompyuta ni yako. Mimi huwa nanakili kila kitu, hata bila kutazama, nakutunzia. Siku moja mtandao ukifunga akaunti yetu, tutafanya nini?" Akaiweka pasi chini. "Kaka, ngoja hapohapo. Usitoke."

Akatoka, akarudi na memori kadi ndogo kama ukucha. Alikuwa ameifunga ndani ya soksi ya mtoto, kwenye droo ya soksi, mahali ambapo mumewe hajawahi kufungua tangu wapate watoto.

"Mama Pacha," Kapteni alisema, "hivi kuna haja gani ya kufukua mambo? Fundi mwenyewe ameshakubali. Tumesameheana hapa sasa hivi."

"Umemsamehe?"

"Nimemsamehe."

"Vizuri," alisema mkewe. "Basi tutazame kwa amani."

Kadi ikaingia. Video ikafunguka.

Ile ya mtandaoni, kama umeiona, ina muziki hapo mwanzo, ngoma na filimbi za kupandisha mori. Hii haikuwa na muziki. Ndege wa kwenye paa la banda wanalia, mtu anakohoa, viatu vinasaga changarawe. Fundi anaonekana ameinama kwenye injini. Anakaza. Unamwona bega likifanya kazi. Anafunga, anapiga kiganja.

"Tayari," anasema Fundi wa kwenye video.

"Subiri, subiri, shemeji," inasikika sauti ya Kapteni kutoka ndani ya ndege. "Mwanga ulikuwa mbaya. Fungua tena, tupige picha."

Fundi wa kwenye video anacheka, anatikisa kichwa, anafungua. Anaigiza. Anamimina oili ambayo haipo. Anakirudisha kifuniko juu juu, kwa vidole viwili, kama mtu anayefunika chungu anachokusudia kukifunua tena.

"Kaka, umeziba," inasema sauti ya mwanamke karibu kabisa na kamera. Fundi anachukua kopo lake, anatoka kwenye picha. Kamera inatikisika, inatulia. Na kisha sauti ileile ya mwanamke, ya furaha, ya mtu aliyepata picha aliyokuwa anaitaka:

"Tayari!"

Propela ikazunguka.

Kisha Fundi akakaa kwenye kile kiti, juu ya nyaya na kila kitu.

"Sikusema," alisema. "Mara ya pili sikusema!" Akacheka, akajipiga paja, machozi yakamtoka na hakuyafuta. "Mkono wangu haukunidanganya, shemeji! Nilijua! Nilijua mimi!"

Lakini Mama Pacha hakucheka.

"Rudisha nyuma," alisema.

"Inatosha," alisema Kapteni.

Mama Pacha akarudisha mwenyewe. *Tayari!* Akarudisha tena. *Tayari!*

"Hiyo ni sauti yangu." Akajigusa koo kana kwamba atakikuta kitu. "Ni mimi niliyekwambia uondoke. Siyo kaka. Ni mimi."

"Mdogo wangu..." Fundi alianza.

"Nilikuwa nakuja kwako na chakula, kaka! Nikakaa mezani kwako nikakwambia ujikaze, kila binadamu hukosea! Wewe ukiinamisha kichwa, mimi nakupa moyo! Na yule mzee hospitalini, nimempelekea matunda, akanishika mkono akaniombea dua. Ee Mungu wangu, akaniombea mimi!"

Akateleza ukutani, akakaa chini, mgongo kwenye godoro la wanawe. Fundi akaondoka kitini akachuchumaa mbele yake.

"Nisikilize. Hii kadi tunairudisha ndani ya soksi. Nimeshaona nilichotaka kuona. Mimi nalala usingizi leo. Mchana nawaambia ni mimi."

"Usinibebee, kaka."

"Nani amekubebea? Mimi sina watoto wadogo. Wewe unao wawili."

"Leseni ni yako. Maisha yako yote yako kwenye ile karatasi."

"Na wewe ni mdogo wangu."

Wakawa wanagombania kosa, kaka na dada, kila mmoja anavuta upande wake. Na katikati amesimama Kapteni, mrefu, mtanashati, na hakuna aliyemtazama, wala aliyemwuliza swali. Kwao yeye alikuwa ndiye aliyetendewa.

Sasa nisogelee, msomaji, nikuambie wasichokijua hao wawili. Siku ile kulikuwa na kamera nyingine, ndogo, iliyobandikwa ndani ya ndege mbele ya uso wa Kapteni. Yule mzee muuza miwani alikaa nyuma, hakusikia kitu. Lakini kamera ilisikia. "Tayari!" ya Mama Pacha ilipoingia dirishani, Kapteni aligeuka kuitazama lenzi, akatabasamu lile tabasamu lake, akasema:

"Wapenzi watazamaji, hiyo ni tayari ya kamera. Ya fundi bado haijaja. Lakini mwanga huu haungoji mtu. Twendeni zetu!"

Na akakonyeza jicho.

Kipande hicho kimo ndani ya simu yake, mfukoni, sasa hivi tunavyoongea. Alikikata kwenye video siku ileile, kabla hajaenda hata kumtazama mzee wa watu hospitali. Kukifuta kabisa ameshindwa. Amejaribu mara nyingi, kidole kinafika, kinarudi. Ana woga wa kukifuta na woga wa kukitunza, na woga huo wote anaulalia kila siku pembeni ya mwanamke yule aliyekaa chini analia.

"Ilikuwa bahati mbaya," alisema Kapteni. Sauti yake ile tamu ilitoka imekauka. "Hakuna mwenye kosa hapa."

"Lipo kosa," alisema Mama Pacha. Akasimama, akajifuta uso kwa shati la shule la mtoto, akaliangalia lile shati, akalitupa pembeni. "Leo asubuhi si ulitangaza tutakuwa hewani moja kwa moja, kuwashukuru mashabiki?"

"Tutaahirisha."

"Washa."

"Mama Pacha, ngoja kwanza. Tuandae maneno, tuitengeneze vizuri, mimi nitaihariri..."

"Ile uliyoitengeneza vizuri ndiyo iliyomfikisha kaka yangu kwenye kamati. Leo hakuna kukata. Washa, baba. Nitaongea mimi."

Fundi alijaribu kumzuia. Akaambiwa akae pembeni, asizibe picha. Hata yeye alitabasamu kidogo.

Kwa mara ya kwanza tangu waanze biashara hiyo, Mama Pacha akakaa mbele ya taa ya duara na Kapteni akawa nyuma ya kamera. Akaitengeneza shingo ya blauzi. Akatazama lenzi. Akangoja, akangoja.

"Mbona husemi?" aliuliza. "Nitajuaje kama nianze?"

Neno lilikuwa mdomoni mwa Kapteni na halikutoka.

"Imewaka," alisema.

Mashabiki wakaanza kumiminika. Mioyo ikapaa kwenye kioo, salamu zikashuka. *Leo mama mwenyewe! Shujaa wetu yuko wapi? Pacha hawajambo?* Mama Pacha akawasalimu, akawaeleza. Hakupamba. Aliwaeleza habari ya kurudia, habari ya lile neno, na kwamba sauti iliyoiondoa ndege ni yake.

"Kaka yangu hana kosa," alisema. "Kamati kama mnanisikia, kabla hamjakaa mchana, jueni hivyo. Kaka yangu alikaza. Mimi ndiye niliyesema. Kama kuna wa kuadhibiwa, nipo, na nyumba yangu mnaifahamu."

Mashabiki wakamlilia. *Pole mama. Una moyo. Mungu akutangulie.* Nyuma ya kamera, Kapteni aliona maneno yale yanapita, na akaona, Mungu amsamehe, kwamba limekwisha. Fundi amepona. Mkewe amehurumiwa. Yeye hajaguswa. Pumzi ikamshuka.

Kisha mtu mmoja huko aliko, mtu asiye na picha wala jina la maana, akaandika: *Kwani Kapteni haijui sauti ya mkewe?*

Mama Pacha akalisoma kwa sauti. Akacheka, cheko la mtu aliyelia sana.

"Swali zuri hilo. Alikuwa ndani, injini ina kelele..." Akasita. "Hapana, injini ilikuwa haijawashwa. Lakini alikuwa na..." Akasita tena. Akakunja uso kidogo, kisha akaukunjua, akainua kichwa. "Sikilizeni. Huyu mtu namjua. Nimelala naye, nimeamka naye, nimezaa naye. Angejua si kaka aliyesema, asingewasha ile ndege. Kamwe. Na kama hamniamini, naapa. Naapa kwa hawa pacha wangu, kama baba yao alijua, basi na wapatwe na..."

"Usiape!"

Kamera iliruka. Mashabiki waliona dari, wakaona kona ya godoro, wakaona Fundi akiinuka polepole pale alipokuwa amekaa. Kisha picha ikatulia tena usoni kwa Mama Pacha.

Hakuwa anaitazama lenzi tena. Alikuwa anatazama juu yake, kwa mumewe.

"Nisiape kwa nini, Baba Pacha?"